Petroli Ndani ya Chupa ya Fanta

Mtoto akinywa petroli, kama tunavyoyaita mafuta ya taa, huku kwetu swali la kwanza huwa moja: mama yake alikuwa wapi? Nimelisikia Pweto nilikozaliwa, upande wa Kongo wa Ziwa Mweru, nimelisikia Chiengi tulipovukia, upande wa Zambia, na katika kituo cha wakimbizi cha Kenani bado nalisikia. Huulizwa na majirani, na wakwe, mara nyingine hata na mhudumu wa zahanati huku ameshika kalamu. Mama hainui macho. Mimi nimeuza petroli tangu nikiwa msichana mdogo kwenye meza ya mama yangu, na leo natembea nyumba kwa nyumba nikihamasisha afya, kwa hiyo nimeijua biashara hii kwa pande zote mbili. Naona swali lile linabisha mlango usio wake. Mtu anayetaka kujua kwa nini watoto wa ziwa hili walikunywa mafuta ya taa, afuatilie mwendo wa chombo. Mafuta yale yaliingiaje kwenye chupa ya Fanta?

Zamani yalisafiri ndani ya debe. Wamarekani wa Standard Oil walipeleka mafuta yao Asia ndani ya makopo ya bati ya rangi ya buluu, galoni tano za Kimarekani kila moja, yaani kama lita 19. Mwaka 1892 mfanyabiashara wa London, Marcus Samuel, alipitisha meli yake Murex kwenye mfereji wa Suez ikiwa imejaa mafuta ndani ya matangi. Huko mwisho wa safari yakamiminwa kwenye makopo mapya mekundu. Biashara hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Shell. Kopo la namna hiyo lilienea Afrika Mashariki yote mpaka likawa kipimo. Hata asiyewahi kuona mafuta ya taa hununua debe la mahindi. Likiisha mafuta lilichotewa maji, likabebewa samaki wakavu, na lilipopasuliwa na kunyooshwa likaezekewa nyumba.

Tulitazame debe hilo kwa jicho la mama mwenye mtoto wa miaka miwili. Limechomelewa pande zote. Ni zito, mtoto hawezi kuliinua, wala mdomo wake haufiki popote pa kunywea. Hakuna kinywaji chochote kinachouzwa ndani ya kitu kama hicho, kwa hiyo halimdanganyi mtu. Sidhani kama waliolitengeneza walikuwa na mtoto yeyote akilini, maana walichokilinda ni mafuta yao yasimwagike njiani. Hata hivyo mtoto alipona kwa bati lile. Hatari ilianza debe lilipofunguliwa ili maskini naye anunue.

Ziwa Mweru lilikuwa ziwa la samaki wakubwa kabla halijawa ziwa la taa. Wagiriki waliokaa Kasenga, kwenye mto Luapula upande wa Kongo, walinunua mpale na mpumbu na kuwapeleka Elisabethville kulisha wachimba shaba. Mpumbu waliokuwa wakipanda mito kutaga walivuliwa hovyo mpaka wakakaribia kwisha, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi wakageukia mpale, naye akapungua. Kufikia miaka ya 1980 ziwa lilikuwa linawalisha watu kwa chisense, kasamaki kadogo kama kidole cha mtoto, kanakovuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga. Ujanja wa mwanga ni wa zamani. Kwenye Ziwa Tanganyika wazee walivua kwa moto wa kuni juu ya mtumbwi na wavu wa mkono uitwao lusenga. Kilichobadilika ni kwamba moto wa kuni uliipisha karabai, na karabai hunywa petroli usiku kucha.

Asiyeishi ziwani huenda asijue jinsi mwezi ulivyotawala biashara yetu. Mwezi ukiwa mpevu chisense hawaji kwenye taa, kwa kuwa mwanga umetawanyika juu ya maji yote. Wavuvi wanalala, wanashona nyavu. Mwezi ukififia, ufukwe mzima unaamka. Siku za giza mama yangu aliuza pipa na kuagiza jingine. Wavuvi walikuja jioni kwa mstari, kila mmoja na chombo chake, na pesa ya jana mkononi. Kisha mwezi ukarudi, na mafuta yaliyobaki yakarudi nyumbani pamoja na wenye nayo. Yakakaa chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kando ya mtungi wa maji. Usiku wa giza petroli ilikuwa ziwani na wanaume. Mwezi mpevu ilikuwa nyumbani na watoto.

Kila mmoja na chombo chake: hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mama yangu hakuuza chombo, wala hakuna muuza petroli niliyemjua aliyeuza chombo. Alikuwa na pipa, mrija wa kunyonyea, faneli ya bati na kikopo cha kupimia. Mvuvi mwenye mitumbwi alileta bidoni ya lita 20. Mwenye taa moja ya nyumbani alituma mtoto, tena mara nyingi mtoto wa miaka sita au saba, na chupa iliyopatikana: chupa ya bia ya Simba iliyoachwa baa, chupa ya Fanta, chupa ya dawa ya kikohozi. Kizibo kilikuwa gunzi la mahindi lililochongwa, au karatasi ya plastiki iliyosokotwa. Petroli tuliyouza ilikuwa nyeupe kama maji. Ndani ya chupa ya Fanta, kwa mtoto ambaye ameionja Fanta mara moja siku ya Noeli na hajaisahau, hapo kuna ahadi.

Upande wa Zambia mambo yalikuwa vilevile, ingawa mafuta yao yalipita njia nyingine. Mwaka 1965 Waingereza walowezi wa Rodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao, njia ya mafuta ya kusini ikakatika, na Zambia ikalazimika kuyaleta kwa malori kutoka Dar es Salaam kwa barabara mbaya sana. Bomba la TAZAMA likafunguliwa mwaka 1968, kilomita 1,710 kutoka bandarini mpaka Ndola, na mwaka 1973 kiwanda cha Indeni kikaanza kusafishia mafuta hapo Ndola. Nimelifikiria sana bomba hilo. Mafuta ghafi yalivuka milima na mapori ndani ya chuma kilichofukiwa, yakilindwa na walinzi, yakipimwa kila kituo. Yalisafishwa na mainjinia. Yalipakiwa kwenye malori yenye maandishi ya hatari ubavuni. Yakafika Nchelenge na Kashikishi. Na kutoka dukani mpaka nyumbani, mwendo wa hatua mia mbili, yakabebwa na mtoto ndani ya chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Nchi mbili zilifikiria kila kipande cha safari isipokuwa kile ambacho mtoto alikishika kwa mikono yake.

Nilikuwa sijaolewa bado nilipomwona mtoto wa kwanza aliyekunywa. Alikuwa wa jirani yetu Pweto, mvulana, amejua kutembea lakini maneno bado. Ilikuwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua, joto lile ambalo hata mbuzi hawatoki kivulini. Joto si jambo la pembeni katika habari hii, kwa sababu mtoto mwenye kiu hunywa kwa pupa, hanusi kwanza. Alikunywa kwenye kikombe. Dada yake alikuwa amemimina petroli humo ili ajaze koroboi, akaitwa nje, akakiacha kikombe juu ya kigoda.

Tulifanya tulichofundishwa na wakubwa. Bibi mmoja akaleta mawese, mwingine akakimbilia maziwa, mwanaume mmoja akamtia mtoto vidole kooni mpaka akatapika. Kila mtu alitenda kwa upendo. Mtoto alianza kukohoa, kisha kupumua kwa haraka, mbavu zikiingia ndani. Usiku homa ikapanda. Hakufika siku ya tatu.

Baadaye sana, katika mafunzo ya wahamasishaji, nilielezwa kilichotokea mwilini mwake, na tangu siku hiyo naeleza kila ninapopata wasikilizaji. Petroli huua kwa njia ya mapafu kuliko tumbo. Ni nyepesi, husambaa upesi, na mtoto anapopaliwa au anapotapika, kiasi kidogo tu kinaingia kwenye njia ya hewa na kutandaa humo, kikiunguza. Kumtapisha ni kuipitisha mara ya pili kwenye mlango uleule wa mapafu. Maziwa na mawese hayaisafishi, yanamletea kichefuchefu tu. Mtoto aliyekunywa avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi, abebwe akiwa ameketi wima, apelekwe zahanati mara moja, na aangaliwe kwa saa kadhaa hata kama anacheza, kwa kuwa mapafu hukawia kulalamika. Na wale wanaompa mtoto mwenye minyoo au kikohozi matone ya petroli juu ya sukari waache kabisa. Desturi hiyo nimeikuta pande zote mbili za ziwa.

Desemba ya mwaka 2000 vita vilifika Pweto na mji ukaanguka. Tulivuka kwa maelfu kuingia Zambia. Wengi wetu tulipelekwa kambi za Mwange na Kala, tukakaa miaka, mpaka kambi zilipofungwa mwaka 2010 na watu wakarudi. Kisha mwaka 2017 machafuko ya majimbo ya Tanganyika na Haut-Katanga yakatuvusha tena, kupitia Chiengi, mpaka kituo cha Kenani hapa Nchelenge, na kutoka hapo wengine wakahamishiwa makazi ya Mantapala. Mkimbizi hubeba vyombo vichache. Ndoo hubeba maji, chupa ya plastiki hubeba kila kitu kingine: mafuta ya kupikia leo, petroli kesho, maji keshokutwa. Nyumba ni chumba kimoja chenye turubai juu. Ukimwambia mama wa watoto wanne aweke petroli mahali pa juu ambapo mtoto hafiki, yeye hutazama juu, akaona turubai. Nimeshuhudia mashauri ya afya yaliyoandikwa kwa ajili ya nyumba yenye kabati yakisomwa kwa sauti kwa watu wasio na rafu hata moja.

Mama mmoja alinijibu kwa heshima, lakini alinijibu: «Yaya, hiyo juu unayosema iko wapi?»

Kwingine walilijibu swali lake kwa kubadilisha kizibo. Huko Windsor, jimbo la Ontario nchini Kanada, daktari wa watoto aitwaye Henri Breault alichoka kuwatibu watoto waliomeza dawa za wazazi wao. Alikuwa ameshaonya na kuwaelimisha wazazi, na watoto wakazidi kuletwa. Mwaka 1967 juhudi zake zilizaa kizibo ambacho sharti ukikandamize kwa kiganja huku ukikizungusha. Mtu mzima huweza, ila mkono wa mtoto haujui kufanya mambo mawili kwa pamoja. Watoto walioletwa hospitalini kwa sumu katika eneo lile wakapungua sana. Marekani ilipitisha sheria ya vifungashio vya kuzuia sumu mwaka 1970, na kipimo walichokiweka nakipenda kwa jinsi kinavyowaheshimu watoto: watoto wadogo wa kuanzia karibu miaka mitatu na nusu hupewa chupa wajaribu kuifungua, na angalau 85 kati ya 100 lazima washindwe katika dakika tano za mwanzo. Kisha huonyeshwa namna ya kufungua, wakaachiwa dakika tano nyingine. Wazee nao hupewa, kwa kuwa chupa isiyofunguka kwa bibi itaachwa wazi mchana kutwa.

Mtu ataniambia Kanada si Nchelenge. Ni kweli. Afrika Kusini je? Huko nako mafuta ya taa yaliuzwa kwa rejareja, mnunuzi na chupa yake, na watoto walilazwa kila kiangazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waligawa vyombo vyenye kizibo kisichofunguliwa na mtoto kwa kaya za eneo moja, wakahesabu watoto waliofikishwa hospitali kwa kunywa mafuta, na matokeo yao yalipochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba visa vilipungua karibu nusu. Hakuna mama aliyebadilishwa tabia. Nyumba zilikuwa zilezile, umaskini uleule, joto lilelile. Kilichobadilika ni chombo. Mwaka 1996 kampuni za mafuta za huko zikaanzisha chama cha usalama wa parafini, chenye kazi ya kusambaza vizibo hivyo na kufundisha matumizi.

Takwimu za dunia zinaonyesha uzito wa jambo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2008 ilisema kwamba mwaka 2004 peke yake zaidi ya watoto na vijana 45,000 walio chini ya miaka 20 walikufa kwa sumu walizomeza au kuvuta bila kukusudia, na kwamba katika nchi maskini mafuta ya taa ni miongoni mwa vitu vinavyotajwa mara nyingi. Wengi wanaoyanywa wana mwaka mmoja hadi mitatu, umri wa kutembea na kutia kila kitu mdomoni.

Zambia ilishathibitisha kwamba serikali inaweza kukigusa kifungashio. Wakazi wa hapa wanakumbuka tujilijili, vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei ya pipi na kufichika mfukoni mwa sare ya shule. Aprili 2012 waziri wa serikali za mitaa, Profesa Nkandu Luo, alivipiga marufuku. Pombe kali ikaendelea kuuzwa kwenye chupa, kwa watu wazima. Kilichokatazwa ni kifuko kilichomfikia mtoto. Tanzania ikafuata mwaka 2017 kwa viroba, Uganda mwaka 2019. Nchi hizi zilielewa kwamba ukubwa na umbo la kifungashio ndivyo vinavyochagua mnunuzi. Chupa ya petroli ilistahili fikra hiyohiyo. Duka linaloruhusiwa kuuza petroli lingeweza kutakiwa kuiuza ndani ya chupa ya rangi yake, yenye kizibo cha kukandamiza, irudishwe ikiisha kama kreti za soda zinavyorudishwa. Watu wa hapa wanajua kurudisha chupa. Wamefanya hivyo maisha yao yote kwa bia.

Jambo hilo halikufanyika, na sasa petroli yenyewe inatoweka. Ukitazama Mweru usiku wa giza leo, taa za chisense ni nyeupe kali. Ni taa za LED zinazotumia betri, na mvuvi hanunui tena petroli kila jioni. Nyumbani koroboi imepishwa na taa ndogo ya sola au tochi ya Kichina. Nashukuru kwa moyo wote. Miaka hii naona watoto wachache sana waliokunywa petroli kuliko niliowaona Pweto. Lakini nalisema bila kuficha: hakuna aliyeamua kuwaokoa. Mwanga wa betri ulikuwa rahisi kwa mvuvi, basi, na watoto wakanufaika kwa kupitia mlango wa nyuma. Kilichokuja kwa bahati hakina mlinzi.

Ndiyo maana macho yangu sasa yako kwenye meza za soko. Pale Kenani, na Kashikishi siku ya soko kubwa, wanauza vichezeo vinavyowaka na kuimba, saa za watoto, vitochi vya kuning'iniza kwenye funguo. Ndani yake kuna betri bapa kama sarafu. Mtoto akimeza ile kubwa kidogo, ya upana wa milimita 20, ikakwama kooni, umeme wake unaanza kuunguza nyama yenye unyevu, na ndani ya saa mbili kidonda kinaweza kuwa kibaya sana. Haina harufu kama petroli, kwa hiyo mama hajui. Anaona mtoto anakataa kula, anatokwa udenda, anakohoa, na anadhani ni mafua. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022, ikipewa jina la mtoto aliyekufa hivyo, inayotaka mlango wa betri ufungwe kwa namna ambayo mtoto hataweza kuufungua, na maonyo yaandikwe wazi. Vichezeo vingi ninavyovigeuza sokoni kwetu vina kifuniko kinachong'oka kwa ukucha.

Zambia ina ofisi ya viwango, na tangu mwaka 2010 ina sheria ya ushindani na ulinzi wa mlaji pamoja na tume yake. Ningependa maofisa wao waje kwenye meza hizi na bisibisi mkononi, kabla visa havijawa vingi kiasi cha kuhesabika. Mpaka waje, ninapopita nyumba kwa nyumba namwomba kila mama anionyeshe vichezeo. Penye kifuniko kilicholegea tunazungushia utepe wa gundi pamoja, mara tatu. Chenye tundu la skrubu lakini hakina skrubu tunakirudisha kwa muuzaji, na wengi wao, nikiwaeleza kwa utulivu, hutafuta skrubu.